Nikiisafisha Kompyuta Niliyopewa Imejaa, Je, Nimeimwaga Zawadi?

Kwako doña Leocadia, mshauri wa ukurasa huu, salamu na heshima.

Mimi ni mwalimu, na kazi yangu ni kuwafafanulia wengine mambo yasiyoeleweka, kwa hiyo ni fedheha kwangu kukiri kwamba nimefikwa na jambo ambalo kadiri ninavyoelezwa ndivyo ninavyozidi kupotea ndani yake. Nakuomba unishike mkono, kwa sababu Jumanne ya Kanivali inakaribia, na siku hiyo, nisipokuwa nimepata jibu, nitamvunja moyo mtu ambaye baada ya kifo cha baba yangu ndiye aliyesimama mahali pake.

Mtu huyo ni don Fructuoso, ambaye huuza charque, nyama ya llama iliyokaushwa kwa chumvi, katika soko letu hapa Oruro. Nilipohitimu chuo cha ualimu, mama yangu alimwendea amwombe awe padrino wangu wa kompyuta, yaani baba wa heshima anayeinunua, kama vile wenzangu walivyokuwa na padrino wa keki na padrino wa pete, naye alikubali hata mama hajamaliza kuomba, na siku ya sherehe alikuja na mke wake doña Emeteria, wamevaa vizuri kuliko bwana harusi na bibi harusi, wamelibeba sanduku wote wawili kana kwamba ndani yake mna mtakatifu wa parokia. Akaomba watu wanyamaze, akasema maneno ambayo nayakumbuka yote.

“Jamani, mimi sikusoma. Lakini nimeona watu wanatoa zawadi tupu. Sufuria tupu, pochi tupu, halafu wanapiga picha! Mimi binti yangu simpi chombo kitupu. Nilimwambia yule muuzaji, nijazie hiyo. Akaniuliza, nikujazie nini, don? Nikamwambia, wewe jaza vyote ulivyo navyo, mimi naongeza pesa!”

Watu walipiga makofi. Kompyuta ikafunguliwa, na kweli, skrini nzima ilikuwa imetapakaa vijipicha vya programu, vyekundu, vya bluu, vya njano, hata pasionekane pa kuweka kidole, na doña Emeteria akashika shavu akasema, “Yesu wangu, imejaa kama kibanda cha vijisanamu kwenye maonyesho ya Alasita!” Ndipo tukaifanyia challa, tambiko la kubariki kitu, kama ipasavyo, tukaimwagia bia kidogo pembeni, mbali na vitufe, tukaivisha utepe wa karatasi na kuinyunyizia vikaratasi vya rangi ili Pachamama, Mama Ardhi, aipokee na kuiongezea baraka. Mpaka leo kikaratasi kimoja cha waridi kingali kimenasa chini ya kitufe cha herufi Ñ, nami sijathubutu kukitoa. Mpwa wa doña Emeteria akaweka nyuma ya vijipicha vyote picha ya padrino na mkewe wamesimama mbele ya kibanda chao, ili kila niiwashapo niwaone.

Sasa, doña Leocadia, shida zilianza hapohapo, ila mimi kwa ushamba wangu nilidhani ndivyo kompyuta zilivyo. Nikiiwasha asubuhi, naweza kuchemsha maji, nikanywa chai, nikaosha kikombe, bado inajikuna. Zimo programu tatu za kulinda mashine dhidi ya virusi, na zote tatu zinashutumiana, hii inasema ile ni hatari, ile inasema hii imekwisha muda na inataka kulipwa. Imo kamusi ya lugha nisiyoijua. Imo programu ya hali ya hewa ambayo kila siku hunitangazia kujaa na kupwa kwa maji katika mji wa pwani ambao sijapata kufika, mimi mkazi wa nyanda za juu za nchi iliyonyang'anywa bahari yake vitani, na nilipomwonyesha padrino nikitumaini atashangaa, alifurahi kupita kiasi. “Si unaona?” akasema. “Serikali zote zimeshindwa kuturudishia bahari, mimi nimekununulia!”

Nilivumilia. Lakini mwezi uliopita niliitisha mkutano wa wazazi, nikaunganisha kompyuta na projekta ili niwaonyeshe maendeleo ya watoto wao, na katikati ya maelezo yangu kuhusu hesabu za sehemu likajitokeza ukutani, kubwa kama mlango wa kanisa, gurudumu la kamari likizunguka kwa muziki, na kando yake binti aliyevaa nguo chache mno kwa baridi yetu akinipongeza kwa jina langu. Nilibonyeza, likafunguka jingine. Baba mmoja wa nyuma akapaza sauti, “Mwalimu, mimi niwekee namba saba!” Mama mmoja akamjibu, “Nyamaza wewe, ndiyo maana mwanao hajui kugawanya!” Wakacheka wote, nami nikacheka kwa midomo, lakini mkuu wa shule hakucheka, na tangu siku hiyo kompyuta yangu haikaribishwi tena katika ukumbi ule.

Nikamwendea mwalimu mwenzangu Abdón, ambaye husema mambo ya kompyuta kwa uhakika mkubwa. Akaniambia, “Wewe hamisha masomo yako kwenye flashi, kisha ingia ndani, tafuta panapoandikwa kurejesha hali ya mwanzo, bonyeza, lala. Utaamka na mashine mpya.” Nikafanya hivyo. Masomo yangu niliyahamisha yote. Nikabonyeza, mashine ikazima, ikawaka, ikafikiri kwa muda mrefu, na ilipomaliza, doña Leocadia, gurudumu la kamari lilikuwepo, walinzi watatu walikuwepo wakigombana, bahari ilikuwepo ikijaa na kupwa. Kilichotoweka ni kimoja tu, picha ya padrino na doña Emeteria. Yaani nilichotaka kiondoke kimebaki, na nilichotaka kibaki kimeondoka. Nikadhani nimekosea, nikarudia tena, ikawa vilevile.

Abdón aliposikia akasema, “Basi hiyo imeingia kwenye chuma chenyewe, nunua nyingine.” Mama yangu alisema, “Unaona? Kilichobarikiwa hakifutiki. Viliombewa vyote pamoja, vikamwagiwa bia pamoja, sasa unataka kumwambia Pachamama achambue?” Nikamwambia, “Mama, lakini picha imefutika, na hiyo ndiyo iliyostahili kubarikiwa.” Akaniambia, “Basi mwanangu, hapo hata mimi sijui,” akaendelea kumenya viazi.

Nimesikia pia kwamba ipo njia ya kuufuta mfumo endeshi wote na kuweka mwingine safi kutoka nje, usio na vikorokoro hivi, lakini wengine wananiambia nitapoteza leseni, wengine kwamba mashine haitawaka tena, wengine kwamba ni wizi, na mimi sijui tena lipi ni elimu na lipi ni uvumi.

Na hata njia hiyo ikiwa salama, siku ya Jumanne ya Kanivali padrino atakuja nyumbani kama ajavyo kila mwaka, na bia yake na vikaratasi vyake, ataiweka kompyuta mezani, ataifungua mbele ya wageni na kusema, “Oneni, bado imejaa!” Nikiwa nimeisafisha, ataona uwanda mtupu kama ziwa lililokauka. Atadhani nimeimwaga zawadi yake. Na nikimweleza kwa nini nimeimwaga, nitakuwa nimemwambia, mbele ya mke wake na mbele ya mama yangu, kwamba pesa alizoongeza kwa fahari zilinunua takataka na kwamba muuzaji alimcheka. Nifanye lipi? Nimefikiria kumwomba yule mpwa picha ile kwa siri na kuirudisha, kisha nimwombe Abdón atengeneze vijipicha vya uongo, visivyofungua kitu, ili skrini ionekane imejaa. Nikilifikiria hili asubuhi naliona ni huruma. Nikilifikiria jioni naliona ni utapeli.

Ni mimi,
Mwalimu Aliyepotea Ndani ya Mashine Yake

*

Mwalimu, kaa chini kwanza. Weka hiyo kompyuta kando, funika, usiibonyeze tena hata mara moja mpaka umalize kusoma.

Majina yaliyomo katika barua yako nimeyabadilisha, na wasomaji wangu wawe mashahidi kwamba nimejitahidi. Ila mji huu una soko, soko lina wauza charque, na wauza charque wenye binti wa heshima aliyepewa kompyuta iliyojaa mpaka ukingoni hawawezi kuwa wengi. Nitalirudia hilo.

Umeniletea mafundo mawili na umeyafunga kuwa moja, ndiyo maana kila unapovuta upande huu, ule mwingine unakaza. Moja ni la mashine. Jingine si la mashine hata kidogo. Tuanze na lile jepesi, ambalo wewe ndiye uliyelifanya la kutisha.

Nilimsomea barua yako don Germán, fundi wa mitambo hapa gazetini, mtu asiye na subira. Alisikiliza mpaka ulipobonyeza mara ya pili, akapiga paja. “Huyo mwalimu amefukuza wageni kwa mlango wa mbele, halafu akaenda mwenyewe kuwafungulia wa nyuma!” Maana yake ni hii. Aliyeiuza mashine ile alitengeneza nakala ya vikorokoro vyote, akaificha katika sehemu ya diski usiyoiona. Unapoiambia mashine irejee hali ya mwanzo, huenda kwenye ghala hilo na kukutolea vilevile, kwa sababu kwa mashine hiyo, huo ndio mwanzo. Picha ya padrino wako haikuwemo ghalani; iliwekwa siku ya sherehe, kwa mapenzi, na mtu aliyekuwa akila keki. Ndiyo maana ilipotea. Hakuna laana hapo, wala hakuna kilichoingia kwenye chuma. Mwambie Abdón kwamba uhakika wake ni mzuri, apunguze kiasi.

Mfumo safi hautoki ndani ya mashine hiyo. Unatoka nje. Yakague masomo yako uliyoyahamisha. Yafungue kwenye kompyuta nyingine, moja moja, usiridhike kuona majina tu. Kisha tumia kompyuta ya Abdón, ukachukue mfumo endeshi kwenye ukurasa wa wale wanaoutengeneza, si kwa mtu wa sokoni mwenye diski zilizoandikwa kwa kalamu, na uuweke kwenye flashi nyingine isiyo na kitu unachokipenda, kwa kuwa itafutwa. Kwenye flashi ya tatu, au hata kwenye simu yako, weka ile programu ndogo ya kiwanda cha laptopu yako inayoifundisha mashine kuushika mtandao. Wengi huisahau, kisha hukaa na mashine safi iliyo kiziwi. Iwashe laptopu flashi ya mfumo ikiwa imechomekwa, na mara tu inapowaka bonyeza kitufe kinachotajwa chini ya skrini, ili ianze kwa flashi badala ya tumbo lake. Itakapokuuliza mfumo ukae wapi, itakuonyesha diski ya ndani imegawanywa vipande. Hapo ndipo walimu hutetemeka. Futa vipande vyote vya diski hiyo, kile kilichofichwa kikiwa cha kwanza. Hicho ndicho ghala. Ukikiacha, hukufanya kitu.

Kuhusu leseni, nakuondolea hofu kwa sehemu na kukubakishia kwa sehemu. Ikiwa mashine iliuzwa na leseni halali, imeandikwa katika ubongo wa mashine yenyewe, na ukishaingia mtandaoni itajitambua bila kukuuliza lolote. Kuuweka upya mfumo ulio wako si wizi, kama vile kuipaka upya rangi nyumba yako si wizi. Ikiwa muuzaji alidanganya hata hapo, itakuomba namba ambayo huna, na utachagua kununua leseni au kutumia mojawapo ya mifumo huru isiyouzwa, ambayo kwa kazi yako inatosha. Vyovyote vile utakuwa umeujua ukweli. Mlinzi wa virusi, mmoja anayekuja na mfumo anatosha. Usialike wa pili.

Mama yako nampa heshima zangu, na kwa kuwa alikuwa na ujasiri wa kusema hajui, nitamjibu kwa adabu. Challa hufanyiwa kitu pamoja na kazi ya mwenye kitu. Baba yangu alikuwa dereva wa lori, na lori lile lilimwagiwa bia kila mwaka. Lilibadilishwa injini, likabadilishwa matairi, likapakwa rangi, na hakuna aliyewahi kusema baraka zimekwenda na matairi ya zamani. Pachamama sijasikia akiulizia gurudumu la kamari.

Sasa fundo la pili, na hapa nitakukaripia.

Umemuuliza Abdón. Umemuuliza mama yako. Umeuliza watu usiowataja waliokutisha kwa wizi. Umeniandikia mimi, ambaye ukinipita njiani hunitambui. Mtu mmoja hujamuuliza, na ndiye unayesema amesimama mahali pa baba yako. Badala yake ulikuwa tayari kumtengenezea vijipicha vya uongo, visivyofungua kitu! Mwalimu, yule muuzaji angalau aliweka programu zinazofunguka. Unataka kumfanyia don Fructuoso, kwa upendo, jambo ambalo muuzaji alimfanyia kwa tamaa, kisha umwache asimame mbele ya wageni akilitangaza. Jioni ndiyo uliona sawasawa. Asubuhi ulikuwa unatafuta mahali pa kujificha.

Nakuelewa. Unaogopa kumwambia mzee kwamba alichekwa. Lakini hebu fikiri anauza nini. Mtu huyo amekaa miaka yote kwenye charque; anawajua wauzaji wanaoacha chumvi kwenye mikunjo ya nyama ili mizani ishuke, anajua kuikung'uta kabla ya kupima, na mteja anayemletea mzigo wa namna hiyo hamwoni mjinga, humwona mtu aliyeuziwa na mwizi. Mweleze kwa lugha hiyo. Mwambie, “Padrino, nyama uliyoninunulia ni nzuri, ila aliyekuuzia aliacha chumvi nyingi mno, nami nataka tuikung'ute.” Atakuelewa kabla hujafika mwisho. Hasira zake zitamwendea mwenye mizani, wala hatakuona wewe mtovu wa shukrani.

Halafu mwambie alichokupa hasa. Hukuniambia mimi waziwazi, sembuse yeye: unafundisha kwa mashine ile, masomo yako yote yalitungwa humo, watoto wa watu wanajua hesabu za sehemu kwa sababu ya mashine ile. Yeye anadhani utajiri wake ni vile vijipicha kwa sababu hakuna aliyewahi kumwonyesha kingine. Mfungulie somo moja. Moja tu, la watoto wadogo, lenye picha.

Na tafadhali, usimpokee Jumanne ukiwa umekwisha maliza. Kitu alichokijaza yeye, akung'ute yeye. Mwombe akae nawe siku mtakapouweka mfumo mpya, na itakapofika saa ya kufuta lile ghala, kidole kiwe chake. Picha usiitafute kwa siri kwa mpwa wa mtu. Waombe wenyewe wakupe nyingine, wasimame upya mbele ya kibanda, na doña Emeteria apewe muda wa kusuka nywele zake. Jumanne, wageni watakapouliza mbona skrini ni tupu, mwachie padrino ajibu. Watu wa sokoni hawakosi jibu, na la kwake litakuwa bora kuliko la kwangu.

Lakini nenda upesi. Nilisema nitarudia habari ya majina. Gazeti hili watu hulisoma Jumapili, na Jumatatu hufungiwa charque sokoni. Nisingependa padrino wako aisome habari yake kwenye karatasi yenye mafuta, ikisomwa kwa sauti na jirani wa kibanda cha pili. Mhariri wangu amekubali kukupelekea nakala ya majibu haya nyumbani Alhamisi, kabla hayajachapwa. Ukiipokea, vaa shali, chukua kompyuta na flashi ya masomo, nenda asubuhi hiyohiyo kabla wateja hawajawa wengi. Zungumza naye peke yake, doña Emeteria akiwa bado anapanga mizani. Usianze na habari ya mkutano wa wazazi.

Huenda akanuna. Huenda akageukia nyama zake na kuzipanga upya bila sababu. Usijitetee, wala usiondoke. Kaa kwenye kiti cha wateja na usubiri. Kuna mama auzaye api, uji moto wa mahindi ya zambarau, pale karibu, na kila padrino wa soko lile humwagizia bintiye kikombe. Akikasirika kweli, hataagiza. Ukimsikia anaita, “Mama, mbili, na ya mwanangu iongeze mdalasini,” basi sogeza nyama kando na uifungue mashine.

Wako katika ukweli,
Doña Leocadia